Kilwa ya usiku: biashara ninayotamani kuiona ikianza

Saa sita mchana, nikiwa ndani ya Husuni Kubwa, magofu ya jumba la masultani wa kale katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, jumba zima lilinitoweka machoni.

Nilikuwa nimevaa miwani ya kompyuta, aina ile ambayo vioo vyake vinakuacha uone mbele kama kawaida huku vikichora picha juu ya unachokiona. Saa moja asubuhi ya siku ileile, nikiwa nimesimama palepale juu ya mwamba unaotazama bahari, kuta nilizozijenga upya kwenye kompyuta zilikaa sawasawa juu ya magofu, na birika la pembe nane lilikuwa limejaa maji. Kufika adhuhuri ukabaki mvuke tu. Betri ilikuwa na chaji ya kutosha na programu haikuwa na hitilafu. Ni jua la Kilwa lililonishinda, na kushindwa kule kulinifunza mengi kuliko mikutano yote ya utalii wa kidijitali niliyowahi kukaa.

Kazi yangu ni kupima majengo ya kale kwa leza. Kila nikieleza ninachofanya, swali linalofuata huwa lilelile: lini mtu ataweza kutembea katika Kilwa ile aliyoiona msafiri wa Morocco Ibn Battuta mwaka 1331? Vifaa karibu vyote vipo. Kinachosubiriwa ni mtu wa kuipanga shughuli yenyewe kwa kuanzia kwenye jua, maji na wakazi wa kisiwa, si kwenye orodha ya vifaa vya kununua. Nimeifikiria kwa muda mrefu, na naamini inaweza kuwa inafanya kazi kabla miaka kumi haijapita.

Tuanze na hilo jua. Kioo cha miwani hii kinaongeza nuru, kupunguza hakiwezi. Kwa hiyo hakina rangi nyeusi. Ukikiagiza kichore kivuli chini ya tao, hakichori kitu, nawe unaendelea kuuona mchanga uleule unaomeremeta. Ndani ya chumba, ambako mwanga ni luksi (kipimo cha mwanga) 300 au 500, nuru ndogo ya miwani inatosha kabisa. Nje, jua la utosini linafika luksi 100,000. Ni sawa na kuwasha kibatari katikati ya uwanja mchana kweupe ukitegemea watu wakione. Ndiyo maana maonyesho ya namna hii yamestawi ndani ya kumbi za giza, kama lile jumba la sanaa za nuru la teamLab lililofunguliwa Tokyo mwaka 2018. Kasri la Chambord kule Ufaransa limechagua kumpa mgeni kishikwambi akishike mkononi akipita chumba kwa chumba. Chambord lina paa. Husuni Kubwa halina.

Kwa hiyo Kilwa yangu ni ya alfajiri na ya usiku. Naiona hivi: wageni wamelala Kilwa Masoko, mji wa bara ng'ambo ya kisiwa, wanapanda mashua saa kumi na moja alfajiri, wanavuka mlango wa bahari wakiwa bado na koti la baridi, na jua linapochomoza wamekwisha kuvaa miwani. Ikifika saa tatu vifaa vinarudi sandukuni, wageni wanakwenda kunywa chai kijijini, na mchana kutwa magofu yanabaki magofu, ya kutazamwa kwa macho matupu. Kundi la pili linaingia baada ya magharibi. Usiku ndio wakati ambao miwani hii ina nguvu zake zote, maana kila nuru inayochorwa inaonekana, hata mwali wa taa ya mafuta dirishani. Ratiba haitapangwa na ofisi ya Dar es Salaam. Itapangwa na nahodha, kwa sababu maji ya bamvua yakipwa ufuko hunyooka mbali na chombo hakisogei karibu, na kusi ikivuma sawasawa mgeni mwenye kifaa cha gharama hapaswi kurukaruka majini gizani.

Sasa vipimo. Mashine ya leza inatupa miali, inasubiri irudi kutoka ukutani, kisha inahesabu umbali. Nuru husafiri sentimita 30 hivi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo saa ya ndani ya mashine lazima iwe makini kupita kiasi. Mashine za leo zinaweza kupata zaidi ya nukta milioni moja kwa sekunde. Ukizikusanya nukta hizo zote unapata kinachoitwa wingu la nukta, yaani umbo la jengo lililotengenezwa kwa vumbi la vipimo. Unaweza kulizungusha, kulikata katikati, hata kupima unene wa ukuta ukiwa umekaa mezani.

Thamani yake hujulikana siku ya msiba. Mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon alipima kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris kwa leza mwaka 2010 na kukusanya nukta zaidi ya bilioni moja. Alifariki mwaka 2018. Aprili 15, 2019 paa la kanisa likateketea, na vipimo vyake vikawa miongoni mwa hazina walizozitegemea wajenzi mpaka kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024. Kwetu, Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliporomoka Zanzibar na watu wakapoteza maisha. Jumba lile alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883 lilikuwa lenyewe maonyesho ya teknolojia mpya ya wakati wake: taa za umeme, na lifti kabla ya jengo lolote jingine Afrika Mashariki. Jina lake halikuwa la kutia chumvi. Kila nikipita Forodhani nafikiria ni majengo mangapi ya pwani yatatutangulia kabla mashine haijayafikia. Kwa Kilwa Kisiwani tuna bahati, maana mradi uitwao "Zamani" wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulikwisha kuyapima magofu yake makuu.

Kuwa na wingu la nukta ni jambo moja. Kulikalisha juu ya jengo halisi mbele ya macho ya mgeni anayetembea ni jambo jingine. Setilaiti za GPS zinakosea kwa mita kadhaa, na tao lililosogea mita tatu linaning'inia hewani kama nguo kwenye kamba. Inabidi kamera ya miwani iyatambue mawe yenyewe: inaokota alama, mpasuko huu, kona ile, inazilinganisha na picha zilizohifadhiwa, kisha inajua mvaaji amesimama wapi na anatazama upande gani. Hapo masika inaleta taabu yake. Mvua ikinyesha wiki tatu, majani yanaota ukutani, kuvu inageuza rangi ya chokaa, na kifaa kilichofundishwa wakati wa kiangazi kinapotea kama mgeni aliyeshushwa stendi usiku. Dawa yake ni picha mpya kila msimu. Vijana wa kisiwani wakifundishwa kwa siku chache wanaweza kuipiga picha njia nzima kwa simu. Hiyo ni ajira ya kudumu, na lazima iwekwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Miradi mingi ya namna hii hufa kwa sababu fedha zote ziliishia kwenye uzinduzi.

Nifike sasa kwenye jambo linalonikosesha usingizi: tunamwonyesha mgeni nini?

Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, aliikuta Husuni Kubwa ikiwa na zaidi ya vyumba 100, na akaona dalili kwamba jumba halikuwahi kukamilika. Ukilichora likiwa limemalizika, limepakwa chokaa nyeupe, na mazulia yametandikwa kila ukumbi, umechora jumba ambalo huenda halikuwahi kuwako. Ibn Battuta naye, aliyeisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote, ameandika kwamba majengo yake ni ya mbao na mapaa ni ya matete. Sisi tunasimama mbele ya mawe. Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14, sehemu yake ikaporomoka, ukajengwa upya karne ya 15. Mgeni akisema "nionyeshe msikiti", lazima nimuulize: upi?

Na kuna uwongo mkubwa zaidi, wa kuchora majumba ya mawe peke yake. Kule Songo Mnara, kisiwa jirani, wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walipochunguza sehemu zilizoonekana kuwa viwanja vitupu katikati ya majengo ya mawe, walikuta dalili za nyumba za miti na udongo. Watu waliishi pale, walipika pale. Mji wa Waswahili ulikuwa na udongo na mawe pamoja, na atakayewafuta wenye nyumba za udongo kwa sababu hazivutii kwenye tangazo atakuwa amewafukuza mara ya pili.

Akili unde imeongeza hatari hii. Ukiiambia ikuchoree mji wa kale wa Kiislamu wa Afrika, inakuletea kuba za Uturuki na milango ya Marrakesh kwa haraka ya ajabu, tena nzuri sana. Uzuri ule ndio unaonitisha. Mkataba wa London, ulioanza kuandikwa mwaka 2006, unawataka wachoraji wa urithi wa kale kwa kompyuta waweke wazi kipi ni ushahidi na kipi ni dhana. Katika biashara yangu kanuni hiyo haitafungiwa kwenye ripoti; itakuwa ndani ya miwani. Kilichopimwa kitachorwa kwa rangi kamili. Kilichokisiwa kwa kulinganisha na majengo mengine kitakuwa hafifu, unaona nyota nyuma yake. Kilichobuniwa kitakuwa mistari mitupu. Mgeni akinyoosha kidole kwenye kuba, ajibiwe: hili tumelijuaje.

Jibu hilo alitoe mwongozaji, kwa mdomo wake. Sitaki sauti iliyorekodiwa. Mwongozaji wa Kilwa aliyezaliwa baina ya magofu yale anajua lini watu wamechoka, nani ana swali na anaona haya. Yeye ndiye ashike kishikwambi kinachoamua miwani yote inaonyesha karne gani, na akitaka kuizima ili watu wasikie bahari, azime.

Sijasahau siku niliyomwonyesha modeli yangu fundi mmoja wa chokaa, mzee aliyeshika kuta za matumbawe maisha yake yote. Nilikuwa nimekipanua chumba kimoja kwa kufuata ukuta ulioanguka nje. Aliitazama skrini kwa muda, akaniuliza nimeezeka kwa kitu gani.

"Boriti, baba. Boriti za mikoko."

"Basi chumba hiki hukukipima, mwanangu. Boriti haifiki."

Ilikuwa kweli tupu. Vyumba vya majumba ya mawe ya pwani ni virefu na vyembamba, aghalabu chini ya mita tatu kwa upana, kwa sababu boriti la mkoko lina kimo chake, na dari nzito ya mawe na chokaa haivumilii zaidi ya hapo. Msitu wa mikoko ndio uliopanga upana wa sebule za matajiri. Mimi na mashine yangu ya mamilioni ya nukta tulikuwa tumefuata kifusi. Yeye alifuata mti. Tangu siku hiyo sikubali modeli itoke mkononi mwangu kabla fundi hajaikagua, na kwenye hesabu za mradi nimemwandikia malipo ya mtaalamu, sawa na yangu.

Biashara ndogo zitajitokeza zenyewe pembeni. Moja naipenda hasa: sarafu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba, na maandishi ya upande mmoja yanakwenda kwa vina na ya upande wa pili, kana kwamba sultani alikuwa anamalizia ubeti. Sarafu hizo zimekutwa mpaka Great Zimbabwe, na mwaka 1944 nyingine ziliokotwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Kwa printa ya pande tatu unaweza kuchonga kalibu, ukaimimina shaba palepale kisiwani, ukaipiga muhuri wa mwaka wa leo usiofutika ili isije ikauzwa kama ya kale. Mgeni aondoke na hiyo, jiwe aliache.

Yapo mambo mawili ambayo sitayalegeza. Miwani hii ina kamera, na Kilwa Kisiwani ni kijiji cha watu: akina mama wanachota maji, watoto wanakwenda madrasa, watu wanaswali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inawalinda, kwa hiyo picha za kamera zifutwe ndani ya kifaa chenyewe na zisisafiri popote. Na faili za vipimo zihifadhiwe nchini, ziwe za umma. Kilwa na Songo Mnara ziliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa katika orodha ya hatari mwaka 2004, zikatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya mafundi na walinzi wake. Kampuni ije ikodi, ilipe, ionyeshe. Isiumiliki ukuta kwa sababu imeupiga leza.

Kaskazi ikianza nitarudi na miwani sita, usiku usio na mwezi, kwa jaribio la kwanza ndani ya Msikiti Mkuu na kisha Husuni Kubwa. Nimekirekebisha kile chumba. Upana umepungua na boriti sasa zinalala ukuta hadi ukuta. Mzee ameshaniambia nisimpe mtu mwingine miwani ya kwanza.