Je, anayejua lazima ajue kwamba anajua?

Mahakamani, darasani, hata barazani, mtu akishindwa kusema "nina hakika" huhesabiwa kuwa hajui. Sisi tunaofundisha falsafa tunaona hukumu hiyo hutolewa haraka mno.

Ina watetezi wake, tena si wadogo. Mwaka 1962 mwanafalsafa wa Finland, Jaakko Hintikka, alijenga hoja kwamba anayejua jambo anajua pia kwamba analijua. Lakini mtoto mdogo anajua maziwa yako kwenye kikombe kipi, ilhali wazo lenyewe la "kujua" bado hajalipata.

Pingamizi zito zaidi ni la Timothy Williamson wa Oxford, aliyelieleza kwa kina mwaka 2000. Chukua mnazi ulio mbali. Tuseme kwa umbali huo macho yako hukosea hadi mita 2, juu au chini, nawe unasema mnazi unazidi mita 5. Ili huo uwe ujuzi na si bahati, lazima mnazi uzidi mita 7. Ungekuwa wa mita 6, usingeweza kuutofautisha na wa mita 4, na hapo maneno yako yangekuwa ya kubahatisha tu. Sasa, ili ujue kwamba unajua, nafasi hiyo ya kukosea inadaiwa mara ya pili: mnazi uzidi mita 9. Je, ukiwa wa mita 8? Unajua kwamba unazidi mita 5, ila huwezi kujua kwamba unajua. Wapo wanaoikataa hesabu hii. Mimi sijaona jibu lililoivunja.

Wanasaikolojia nao wana lao. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, nchini Marekani, walilinganisha wanafunzi waliorudiarudia kusoma habari fulani na wenzao waliosoma kisha wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kujiona unajua kulikwenda njia yake, ujuzi ukaenda yake.

Kwa hiyo unapojiandaa na mtihani, usiridhike kwamba ukurasa unausoma bila kukwama. Funika daftari, andika unachokumbuka, ndipo ufunue ulinganishe. Na kama jibu baya halikatwi alama, jaza nafasi hata pale moyo unaposema hujui.