Hisa ya Texas Instruments: mwaka mmoja hautoshi

"Kaka, nimepiga hesabu mara tatu, napata dola 32. Sokoni inauzwa zaidi ya 180. Nimekosea wapi?"

Kijana aliyeniuliza hivyo mwanzoni mwa 2025 namfundisha uchambuzi wa hisa, na kwenye hesabu yake hakukosea hata tarakimu moja. Alifungua hesabu za mwaka 2024 za Texas Instruments, watengenezaji wa chipu wa kule Dallas, akatafuta fedha zilizobaki baada ya kampuni kulipia viwanda na mitambo yake. Akazigawa kwa idadi ya hisa, akapata kama dola 1.6 kwa kila hisa. Akakadiria kwamba zitakua kwa asilimia 4 kila mwaka, na kwamba mwekezaji anataka faida ya asilimia 9 kwa mwaka. Tofauti ni asilimia 5, gawa 1.6 kwa 0.05, jibu ni 32. Mimi mwenyewe natumia kanuni hiyo hiyo. Tatizo ni mwaka alioanzia.

Nikamwekea mezani hesabu za miaka minne. Nikamwambia aache kwanza ukurasa wa faida na hasara, aende kwenye mtiririko wa fedha, asome mistari miwili tu. Wa kwanza ni fedha zilizoingia kutokana na biashara yenyewe: dola bilioni 8.8 mwaka 2021, 8.7 mwaka 2022, 6.4 mwaka 2023, 6.3 mwaka 2024. Wa pili ni fedha zilizotoka kwa ajili ya majengo na mitambo: 2.5, 2.8, 5.1, 4.8. Ukitoa, yanabaki 6.3, 5.9, 1.3 na 1.5.

Ukitazama mabaki peke yake utadhani kampuni imeporomoka. Ni kweli mauzo yalishuka, kutoka bilioni 20 mwaka 2022 hadi 15.6 mwaka 2024. Lakini karibu nusu ya kushuka kwa mabaki ni ujenzi. Kampuni ilinunua kiwanda cha Lehi, Utah, kutoka kwa Micron, kampuni nyingine ya chipu, mwaka 2021 kwa dola milioni 900, kisha ikaanza kujenga vingine Sherman, Texas. Huko chipu zinatengenezwa kwenye sahani za silikoni za milimita 300 badala ya 200. Eneo la sahani ni zaidi ya mara mbili, na kampuni inasema gharama ya chipu kabla ya kufungashwa inashuka kwa asilimia 40. Hizi ni chipu za analogi, zile zinazodhibiti umeme na kupima joto ndani ya magari na mitambo, na muundo mmoja huuzwa miaka na miaka. Kubebesha mwaka mmoja gharama ya kiwanda kitakachozalisha kwa miongo si haki.

Basi nikamwambia atenganishe fedha za kutunza kilichopo na fedha za kupanua. Pa kuanzia ni uchakavu, yaani gharama ya majengo na mitambo kuchakaa inayoandikwa vitabuni kila mwaka, uliokuwa takriban bilioni 1.5 mwaka 2024. Ni kipimo cha juu juu, kwa sababu uchakavu unasoma bei za zamani. Toa 1.5 kwenye 6.3, inabaki 4.8, yaani kama dola 5.3 kwa hisa. Kwa kanuni ile ile unapata takriban 105. Bado iko mbali na 180, na hapo ndipo penye swali lenyewe: mnunuzi wa 180 anaamini nini?

Mei 2024 mfuko wa uwekezaji wa Elliott, uliowekeza dola bilioni 2.5 kwenye kampuni hii, uliitaka ilenge mabaki ya dola 9 kwa hisa ifikapo 2026. Agosti kampuni ikatoa makadirio yake: kati ya 8 na 12, kutegemea mauzo na kasi ya ujenzi. Dola 8 inatoa 160, dola 12 inatoa 240. Kwa kuwa mabaki hayo ni ya 2026, hizo ni thamani za mwisho wa 2025. Ukizirudisha nyuma mwaka mmoja zinakuwa 147 na 220. Kwa hiyo bei ya 180 ilikuwa tayari imeshameza ahadi. Sasa badilisha asilimia 9 iwe 10: ile 160 inashuka hadi 133. Asilimia moja tu, na dola 27 zimekwenda.

Mambo mawili yananifanya niwe mwangalifu. Gawio la 2024, yaani fedha walizolipwa wenye hisa, lilikuwa kama bilioni 4.8, wakati mabaki yalikuwa 1.5, pengo hilo lilizibwa kwa akiba na mikopo, na haliwezi kuzibwa hivyo kila mwaka. Halafu kuna ruzuku ya serikali ya Marekani, hadi bilioni 1.6, iliyothibitishwa Desemba 2024. Hiyo naihesabu mara moja, siiweki kwenye fedha zinazokua milele, na ninaposoma uchambuzi uliofanya hivyo naufunga papo hapo.

Faili la kijana sasa lina safu tatu: 8, 9 na 12. Chini ya kila safu ameandika mauzo yanayohitajika ili Sherman isikae na mitambo isiyo na kazi. Safu ya 12 ameizungushia kalamu nyekundu.