Je, wajua kwa nini wataalamu wa urithi wa sifa za mwili hufuga nzi wa maembe yaliyoiva?

Majira ya maembe yanapofika, na mashua zinapovusha mizigo ya Mpeketoni kutoka Mokowe hadi gati la Lamu, ni vigumu kupata jiko la Mkomani au Langoni lisilo na vile vinzi vidogo vyenye macho mekundu vinavyoelea juu ya kawa. Watu huvipunga kwa upepeo na kuendelea na shughuli zao. Hata hivyo, mdudu huyu tunayemfukuza amekuwa akifugwa kwa uangalifu katika maabara za dunia kwa zaidi ya miaka 100, na sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kuhusu namna mtoto anavyorithi sifa za wazazi wake ilisomwa kwanza kutoka kwake. Kwa nini yeye, wala si mnyama mwenye hadhi zaidi?

Inafaa kwanza jina lisituchanganye. Mkulima wa maembe akisema "nzi wa matunda", aghalabu humkusudia mdudu mwingine, mkubwa zaidi, mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, ambaye hulitoboa embe likingali mtini na kutaga mayai ndani yake. Huyo ni adui wa shamba, na hawa wawili si wa ukoo mmoja. Huyu wa jikoni, ambaye jina lake la kitaalamu ni Drosophila melanogaster, ana urefu wa milimita 3 hivi, hawezi kulitoboa tunda zima, na kinachomvuta hasa ni hamira inayokuwa kwenye maji ya tunda lililopasuka au kuanza kuchacha. Ndiyo sababu mgema akiliacha tembo wazi humkuta ameelea ndani yake. Asili yake ni Afrika, kusini mwa Sahara. Ameenea duniani kwa kufuatana na binadamu na vyakula vyao.

Sasa tuchukue mfano wa punda, ambaye Lamu hakosekani. Mtu anayetaka kujua rangi ya punda hurithiwa vipi atamngoja punda jike abebe mimba kwa takriban mwaka mzima, azae mtoto mmoja, kisha mtoto huyo naye akue kwa miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Mtafiti huyo ataota mvi kabla hajawaona vitukuu wa punda wake wa kwanza, na hata akiwaona watakuwa wachache mno wa kufanyia hesabu yoyote ya maana.

Kwa nzi mambo ni tofauti kabisa. Katika joto la nyuzi 25, yai huanguliwa baada ya siku moja, buu hula kwa siku nne au tano, hugeuka pupa, na siku ya kumi hivi nzi kamili hutoka akiwa tayari kuanza maisha ya uzazi baada ya saa chache. Jike mmoja hutaga mayai mamia. Kwa mwaka mmoja mtafiti anaweza kupitisha vizazi 36; vizazi idadi hiyo vya binadamu, tukihesabu miaka 25 kwa kila kizazi, vingechukua miaka 900, yaani kutoka karibu karne nne kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwaka 1498 hadi zama zetu. Gharama nayo ni ndogo: chupa, uji mzito wa unga, sukari na hamira, na kizibo cha pamba. Zaidi ya hayo, nzi huyu ana jozi 4 tu za kromosomu, yaani nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba urithi, ilhali sisi tuna jozi 23, na katika tezi za mate za buu lake kromosomu hizo huvimba kiasi cha kuonekana wazi kwa hadubini, zikiwa na mistari kama kikoi.

Aliyempa nzi huyu umaarufu ni Thomas Hunt Morgan wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambaye, na hili hunifurahisha, mwanzoni hakuamini kwamba kromosomu ndizo zinazobeba urithi. Mwaka 1910, miongoni mwa nzi wake wenye macho mekundu, alionekana dume mmoja mwenye macho meupe. Morgan alimpandisha kwa majike wenye macho mekundu, na watoto karibu wote wakatoka na macho mekundu. Kisha akawapandisha watoto hao wao kwa wao. Katika kizazi cha wajukuu macho meupe yalirudi, lakini kwa namna ya ajabu: majike 2,459 wote walikuwa na macho mekundu, madume 1,011 wenye macho mekundu, na madume 782 wenye macho meupe. Hakukuwa na jike hata mmoja mwenye macho meupe.

Maelezo yake ni haya. Jike ana kromosomu mbili za X. Dume ana moja tu, anayopewa na mama yake, pamoja na Y anayopewa na baba. Ikiwa jeni la rangi ya macho, yaani kipande cha kromosomu kinachoamua sifa hiyo, limekaa kwenye X, jike aliyerithi X moja yenye hitilafu hufunikwa na ile nyingine iliyo nzima, lakini dume hana ya pili ya kumsitiri. Kwa mara ya kwanza sifa moja iliweza kuhusishwa na kromosomu moja mahususi, na Morgan akabadili msimamo wake. Njia hiyo hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini upofu wa rangi nyekundu na kijani, au ugonjwa wa damu kutoganda, huwapata zaidi wanaume kuliko wanawake.

Mwanafunzi wake, Alfred Sturtevant, alikwenda mbele zaidi. Kromosomu mbili za jozi hubadilishana vipande kabla ya kuingia katika yai. Fikiri nyuzi mbili za tasbihi zinazokatwa mahali popote na kuungwa kwa kupishana: punje zilizo jirani hutengana kwa nadra, zilizo mbali hutengana mara nyingi. Kwa kuhesabu ni mara ngapi sifa mbili zinatengana kwa watoto wa nzi, Sturtevant alikadiria umbali kati ya jeni, na mwaka 1913 akachapisha ramani ya kwanza ya kromosomu.

Morgan alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Hermann Muller, aliyeonyesha mwaka 1927 kwamba miale ya eksirei huharibu jeni za nzi, aliipata mwaka 1946. Na mwaka 2017 ilitolewa kwa watafiti watatu waliochunguza, kwa nzi huyu huyu, saa ya mwili inayoongoza usingizi na kuamka. Nzi ana jeni zipatazo 14,000, na takriban robo tatu ya jeni zinazohusishwa na magonjwa ya binadamu zina wenzao ndani ya nzi. Bila shaka hafai kwa kila swali: hana mapafu, wala mishipa ya damu kama yetu, na dawa inayomponya yeye bado hupimwa kwa wanyama wengine kabla ya kumfikia mgonjwa.

Anayetaka kujionea mwenyewe aweke kipande cha ndizi mbivu ndani ya chupa, awaachie nzi waingie, kisha afunike kwa kitambaa chepesi. Dume ni mdogo, na ncha ya tumbo lake ni nyeusi. Jike ni mkubwa kidogo, na tumbo lake limechongoka. Chupa ikae katika kidaka cha chumba cha ndani chenye ubaridi, si juani, kwa maana joto likizidi nyuzi 30 madume huweza kuwa tasa, na siku ya kumi itapita bila kizazi kipya.