Land Cruiser 70 ya 1HZ: kinacholidumisha na kinachoua

Land Cruiser Mkonga, yaani mfululizo wa 70 wenye bomba la hewa lililoinuliwa kama mkonga, linasifiwa kwamba halifi kwa sababu ni gari la chuma. Chuma kipo kweli, lakini siri kubwa iko kwenye injini ambayo haikukamuliwa. Injini hiyo, 1HZ, ina silinda sita za mstari na ujazo wa cc 4,164, halafu inatoa nguvu za farasi zipatazo 130 tu. Haina turbo wala kompyuta ya kuamua dizeli iingie kiasi gani. Torque (nguvu ya kusokota) yake ya juu, Nm 285, inapatikana kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika, yaani pale pale dereva anapopanda mlima na gia ya pili. Waliobuni injini hii waliacha nguvu nyingi mezani ili vipuri vifanye kazi bila kuchoka. Magari haya yanapokufa mapema, mara nyingi chanzo ni kitu cha bei ndogo kuliko tairi moja.

Historia ya jina ilianza na vita vya Korea, vilivyoleta hitaji la magari ya aina ya Jeep. Januari 1951 Toyota walikamilisha gari la majaribio aina ya BJ, lililoitwa Toyota Jeep, kwa kulifunga injini ya lori, petroli ya lita 3.4. Halikuwa hata na gia za kupunguza mwendo kwa magurudumu manne, kwa kuwa injini yenyewe ilivuta vya kutosha. Mwaka huo huo dereva wa majaribio, Ichiro Taira, alilipandisha hadi kituo cha sita cha Mlima Fuji, na polisi wa Japani wakaagiza magari 289. Jina la Land Cruiser lilikuja 1954, baada ya Willys, kampuni ya Marekani iliyotengeneza Jeep, kudai haki ya jina hilo. Mfululizo wa 20 ulitoka 1955, wa 40 ukafuata 1960, na Novemba 1984 ukaja huu wa 70 ambao hadi leo unauzwa mpya.

Tangu hapo, kuijua miaka minne ya mabadiliko kunatosha kukusaidia kununua. Mwaka 1990 ndipo 1HZ ilipoingia. Mwaka 1999 ekseli ya mbele ilitoka kwenye springi za majani ikawekewa springi za mviringo, na nati za gurudumu zikapungua kutoka 6 hadi 5, kwa hiyo rimu za zamani haziingiliani na za gari jipya. Mwaka 2007 boneti ilipanuliwa ili injini ya V8 (silinda nane) ya dizeli iingie. Mwaka 2023 ikaongezwa injini ya lita 2.8 yenye gia za otomatiki, lakini kwa masoko ya Afrika 1HZ haikuondolewa.

Herufi za modeli nazo zinasema mengi kuliko dalali. HZJ ni 1HZ. HJ75 ni la kabla ya 1990, lenye injini ya 2H. PZJ lina silinda tano, na spea zake zitakusumbua. FZJ na GRJ ni petroli. VDJ ni V8. Namba zinazofuata zinaeleza umbo: 76 ni la milango minne, 78 ni hardtop (paa la bati) ndefu, 79 ni pikapu. Ukiambiwa "HZJ79" lakini springi za mbele ni za majani, aidha si 79 au limeungwa kutoka magari mawili. Namba ya chesi imegongwa kwenye mhimili wa kulia wa fremu, karibu na gurudumu la mbele. Ipanguse kwa brashi ya waya na uisome mwenyewe.

Sasa turudi kwenye vinavyoua.

Taiming belti ndiyo ya kwanza, na ndiyo isiyo na kisingizio. Kwenye 1HZ pampu ya dizeli inaendeshwa na gia. Belti ni fupi na inazungusha kamshafti (shafti inayofungua valvu) peke yake. Kwa hiyo kuibadili hakuhitaji kutoa puli ya krenki, na fundi anayejua kazi anamaliza asubuhi moja. Ibadilishe kila kilomita 100,000. Ikikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo unazungumzia hedi nzima. Unapobadili belti, badili na beringi ya tenshena. Angalia pia sili ya kamshafti, maana oili ikidondokea belti mpya, mpira wake unalainika na meno yanang'oka. Ukishafunga, zungusha injini kwa mkono raundi mbili kamili kisha tazama tena alama za puli. Zikipishana hata jino moja, fungua upya, usiwashe "kujaribu". Gari lililonunuliwa mtumba bila kumbukumbu ya belti lihesabu kuwa halijabadilishwa, hata kama dashibodi haiwashi taa ya belti.

Ekseli ya mbele inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiko mafundi wengi wanakofanya kazi nusu. Mwishoni mwa ekseli, kila upande, kuna mpira wa chuma, na ndani yake mna sivi jointi, kiungo kinachozungusha gurudumu hata likikata kona, inayoogelea kwenye grisi. Kati ya grisi hiyo na oili ya difu kuna sili moja ndogo. Sili hiyo ikichoka, oili ya difu inavuja kuingia kwenye mpira, inaiyeyusha grisi, na mchanganyiko mweusi kama uji mwepesi unatoka nje na kuchafua tairi kwa ndani. Watu wengi wanapangusa na kuongeza grisi. Kumbe huku difu inakauka, na kule jointi inasagika kwa kukosa grisi nzito.

Kabla ya kufungua, pima. Inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi za habu. Ukibaki, ni beringi za kingpini, yaani pini ambazo gurudumu hugeukia likikata kona. Gari linalotetemeka usukani kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa baada ya kugonga shimo mara nyingi lina kingpini zilizolegea, hata kama mwenyewe ameshabadili shokapu na kufanya balansi mara kadhaa. Mlio wa tak-tak ukikata kona kali huku magurudumu ya mbele yanavuta ni sivi jointi.

Kila upande unahitaji sili ya ndani, beringi 2 za kingpini, seti ya kufutia mpira (kitambaa kizito, raba na pete yake ya chuma), gasketi, sili ya habu, na grisi yenye molibdenamu kwa ajili ya jointi. Fungua breki na uining'inize kwa waya, si kwa hozi yake. Kifuniko cha frihabu (kifaa cha kuunganisha au kuachanisha gurudumu la mbele na shafti) kikitoka kuna klipu, kisha nati 6 zenye washa za koni. Koni hizo hazitoki kwa kuvutwa, zinatoka kwa kugonga pembeni kwa nyundo ya shaba. Nati kubwa ya beringi inataka soketi ya milimita 54. Fundi akija na patasi na nyundo kwa nati hiyo, chukua gari lako uondoke. Ukishatoa spindo (mhimili unaobeba habu), shafti haitatoka mpaka uigeuze ili bapa la jointi lielekee juu na chini.

Kingpini zina shimu, vipande vyembamba vya kujazia, chini ya vifuniko vyake. Za juu na za chini zisichanganywe: zifunge kwa uzi na uziandike, kwa sababu ndizo zinazoweka mkazo wa beringi na kuiweka shafti katikati ya sili. Safisha mpira mpaka ung'ae, na penye kutu piga msasa laini, la sivyo raba mpya italiwa mapema. Tazama pia sehemu ya shafti inayokaa kwenye sili. Kama imechimbika mfereji unaoshikika kwa ukucha, sili mpya haitafika mbali. Na unaporudisha shafti, ibebe kwa mikono miwili mpaka imeingia kwenye difu. Ukiiacha ilale juu ya sili, uzito wake unachana mdomo wa sili, na gari linarudi gereji na uvujaji ule ule huku fundi akilaumu spea feki. Jaza grisi robo tatu ya mpira, usijaze pomoni. Beringi za habu zikaze huku ukizungusha gurudumu, legeza, halafu kaza tena polepole hadi mchezo uishe bila gurudumu kuwa zito.

Kuna chanzo kimoja cha uvujaji ambacho hakipo kwenye sili kabisa: kipumulio cha ekseli. Kikiziba kwa tope, hewa ya moto inakosa pa kutokea na inasukuma oili kupita hata sili isiyo na kasoro. Na ekseli yenye joto ikiingia mtoni inapoa ghafla na kunyonya maji. Oili ya difu ikiwa na rangi ya maziwa, imwage siku hiyo hiyo na uweke 80W-90 ya GL-5.

Hapo ndipo niseme la mkonga wenyewe. Bomba lile halikufanyi boti. Toyota wanataja kina cha milimita 700 kwa gari hili, na maji yakifika hapo alteneta, vipumulio na habu vimeshaloa. Faida yake ya kila siku ni kuvuta hewa ya juu yenye vumbi kidogo kuliko ile ya usawa wa gurudumu. Nayo inapatikana tu kama viungo vya bomba vimebana. Vua kifuniko cha filta, pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba upande wa injini. Kikitoka na vumbi jekundu, kuna mahali hewa inaingia bila kuchujwa, na pete za pistoni zinaliwa.

Dizeli. Pampu ya 1HZ inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Haina oili nyingine. Maji yakiingia yanaleta kutu, na dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inakosa ule utelezi. Ndiyo maana huku Tanzania mafuta yanawekewa vinasaba, yaani alama ya kuyatambua, lakini kidumu cha porini hakina kinasaba. Taa ya filta ikiwaka, usisubiri kufika: legeza koki ya chini ya filta, bonyeza pampu ya mkono ya juu, acha maji yatoke mpaka dizeli safi ionekane, kisha funga. Dalili ya pampu iliyokwisha ni gari linalowaka vizuri asubuhi likiwa baridi lakini linasumbua kuwaka likiwa moto. Mara nyingi watu hubadili nozeli na hita plagi kwa dalili hiyo, fedha zikaenda bure.

Upande wa joto, kosa kubwa ni kutoa themostati "ili maji yapite vizuri". Inapotolewa, njia fupi ya mzunguko inabaki wazi, na sehemu ya maji yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Mjini hutaona tofauti. Ukipanda mlima wa Sekenke na mzigo utaiona. Maji ya bomba peke yake yanazaa kutu inayoziba rejeta, kwa hiyo tumia kulanti siku zote. Feni nayo ina klachi ya silikoni. Injini ikiwa moto sana, izime utazame: feni ikiendelea kuzunguka kwa wepesi, klachi imechoka. Hedi ya 1HZ ikipata joto la kupita kiasi hupasuka karibu na vyumba vidogo vya kuwashia dizeli, na hii ndiyo sababu mimi simshauri mtu aifunge turbo. Mgandamizo wake ni mkubwa, zaidi ya 22 kwa 1, na vyumba hivyo havikubuniwa kwa joto la ziada. Anayetaka turbo anunue gari lililotoka nalo kiwandani.

Valvu husahauliwa kwa sababu hazipigi kelele zikibana. Injini ikiwa baridi, za kuingiza ziwe milimita 0.15 hadi 0.25, za kutoa moshi 0.35 hadi 0.45. Zinarekebishwa kwa vipande vya unene tofauti, si kwa skrubu, kwa hiyo fundi anayesema atamaliza kwa bisibisi hajui injini hii.

Frihabu zisikae kwenye FREE mwaka mzima. Kila mwezi ziweke LOCK, ingiza H4 (magurudumu manne, gia za kasi ya kawaida), uendeshe kilomita 16 hivi kwenye barabara ya vumbi ili oili na grisi zifike juu. Kwenye lami kavu usifanye hivyo: gari halina difu ya kati, na meno ya gia ndiyo yatakayobeba msokoto.

Ukienda kununua, fika asubuhi kabla hawajaliwasha, na uguse injini kwa mkono kuhakikisha ni baridi. Moshi mweupe kidogo unaokwisha baada ya dakika moja si tatizo. Wa bluu unaoendelea ni oili. Kisha ingia chini. Kwenye pikapu za matangi ya maji tafuta nyufa za fremu nyuma ya kebini, na kwenye yubolti za springi tazama kama bolti ya kati imeanza kukatika, jambo linalotokea yubolti zikilegea baada ya springi kufungwa na zisikazwe tena baada ya kilomita 1,000. Magari yaliyorefushwa kwa ajili ya watalii yana kiungo cha kuchomelea kwenye fremu: kiwe na bamba la kuimarisha pande zote mbili, na propela shafti iwe ya vipande viwili yenye beringi ya katikati. Kama walirefusha bomba moja tu, utaisikia ikitetemeka ukifika kilomita 80.