Kabali ya Dar es Salaam haikummaliza Phil Ochs

Wanaomkumbuka Phil Ochs, mwimbaji wa Marekani wa nyimbo za kupinga vita, husema maisha yake yaliharibikia Dar es Salaam mwaka 1973, vibaka walipomkaba koo ufukweni. Kukabwa ni kweli. Nyuzi za sauti ziliumia na sauti za juu zikampotea. Lakini kuitwisha kabali ile mzigo wote si haki.

Tungo zilikuwa zimeshaadimika na pombe imeshamzidi. Albamu yake ya mwisho ya studio ilitoka 1970. Mwaka 1968 alikwenda Chicago kupinga vita vya Vietnam, akashuhudia polisi wakiwatwanga waandamanaji virungu. Tazama jalada la albamu yake ya 1969: jiwe la kaburi lenye jina lake, limeandikwa kuwa alizaliwa El Paso 1940, akafia Chicago 1968. Miaka mitano kabla ya Dar!

Kubwa zaidi ni maradhi ya akili, yale ya kupandwa na furaha iliyopitiliza kisha kuzama kwenye huzuni nzito. Baba yake, daktari, aliugua vivyo hivyo. Mwaka 1975 Ochs alijiita John Train, akidai Phil Ochs ameuawa. Aprili 1976 alijiua, akiwa na miaka 35.

Na baada ya kukabwa hakunyamaza: Mei 1974 aliandaa tamasha New York kwa ajili ya Wachile, na Mei 1975 aliimba Central Park kusherehekea kumalizika kwa vita vya Vietnam.