Je, wajua neno "retrieve" lilianza kwa pua ya mbwa?

Kamba ikikatika na ndoo ikazama kisimani, hatumwambii mtu akairudishe. Tunamwambia akaiopoe. Atateremsha kulabu, aipitishe huku na huku kule chini asikokuona, mpaka asikie chuma kimegonga chuma. Kazi ni huko kutafuta. Kuvuta juu ni dakika moja.

Kiingereza kina neno la jamaa hiyo: retrieve. Mara nyingi hufasiriwa "rudisha" au "rejesha", na mimi huona ladha yake inamwagika hapo.

Asili yake ni Kifaransa cha kale, retrover. Re- ni "tena", trover ni "kupata, kukuta", kitenzi ambacho Wafaransa wa leo hukiita trouver. Basi ni kupata tena. Waingereza walilichukua kwenye karne ya 15 wakalitia katika lugha ya uwindaji. Kware akikurupushwa, akaruka na kutua mbali kichakani, mbwa alitakiwa anuse mpaka ampate na kumkurupusha mara ya pili. Imeishia hapo. Hakuleta kitu mdomoni.

Kuleta kulikuja baadaye, watu walipozoea kuwapiga ndege risasi wakiwa angani. Ndege huangukia majanini au majini, na mbwa sharti amtafute, ambebe kwa taya laini bila kumtoboa, amkabidhi mwindaji. Mbwa wa kazi hiyo ndio wakaitwa retriever. Golden Retriever, yule wa manyoya ya dhahabu anayependwa na matangazo ya biashara, alianzia Guisachan huko Scotland: mwaka 1868 Dudley Marjoribanks, aliyekuja kuwa Lord Tweedmouth, alimpandisha dume aitwaye Nous kwa jike aitwaye Belle.

Neno halikubaki porini. Mwaka 1950 Mmarekani Calvin Mooers alibuni istilahi "information retrieval", yaani kuzipata taarifa kutoka mahali zilikohifadhiwa. Wataalamu wetu wa kompyuta wakikutana nayo huandika "urejeshaji". Ningekuwa na kura, ningepigia "uopoaji". Ukiandika jina la mtu kwenye simu ili upate ujumbe wake wa mwaka juzi, hakuna kilichokuwa kimeondoka kirejee. Ujumbe ulikuwa humo humo, umezama chini ya maelfu ya wenzake.