Chepkube: soko lililozaliwa na bei mbili

Chepkube ni soko dogo chini ya Mlima Elgon, kaunti ya Bungoma, jirani kabisa na mpaka wa Uganda. Kwa mgeni ni vibanda, mahindi na pikipiki. Lakini wazee wa huku Magharibi wakilisikia jina hilo hutabasamu, maana katikati ya miaka ya 1970 ilipita pale kahawa ya magendo kutoka Uganda iliyowatajirisha watu ambao hawakuwa na hata mche mmoja wa mbuni. Nafundisha historia ya uchumi, na simulizi nyingi ninazoletewa na wanafunzi wa Bungoma huanza na ujanja wa wafanyabiashara. Mimi huanza na baridi ya Brazil.

Julai 1975 jalidi kali liliangamiza mashamba ya kahawa ya jimbo la Paraná. Mbuni ukifa, mche mpya huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo wanunuzi wa dunia walijua njaa ya kahawa haitaisha msimu mmoja. Angola nayo, mzalishaji mkubwa wakati huo, ilikuwa imeingia vitani. Kabla ya jalidi ratili moja ilikuwa haifiki dola moja. Kufikia Aprili 1977 ilikuwa imepita dola tatu.

Mkulima wa Bugisu, upande wa pili wa mlima, hakuiona pesa hiyo. Kisheria kahawa yake ilikuwa ya bodi ya serikali ya Uganda, nayo bodi ilimpa sehemu ndogo tu ya bei ya dunia, tena kwa kuchelewa, na kwa shilingi iliyozidi kupoteza thamani. Hata akilipwa, angenunua nini? Tangu Idi Amin awafukuze Waasia mwaka 1972, maduka mengi yalikuwa yamebaki rafu tupu. Sukari, sabuni na chumvi vilitafutwa kwa udi na uvumba. Gunia lililofika Kenya lilileta pesa taslimu zenye thamani, na bidhaa za kurudi nazo nyumbani. Ndiyo maana sikubali neno “uroho” litumike kueleza kila kitu. Uroho ulikuwepo, hasa kwa mabwana wakubwa wenye malori, lakini mkulima aliyebeba debe kichwani usiku alikuwa anatafuta sabuni.

Kwa nini Chepkube, na si vituo vya mpakani vya Busia au Malaba? Kwanza, mpaka wenyewe. Amri ya Uingereza ya mwaka 1926 iliufuatisha mto Lwakhakha hadi chanzo chake mlimani, kisha ukaendelea juu hadi kilele cha Sudek. Mto huo kiangazi unavukwa kwa miguu. Malaba kulikuwa na reli, barabara kuu na maofisa. Huku kulikuwa na vichochoro vya migombani na punda. Pili, watu. Mbukusu wa Kenya na Mmasaba wa Uganda husikilizana lugha, hutahiri vijana wao katika mwaka uleule, huoana. Msabaot na Msebei vivyo hivyo. Mtu alivuka na gunia akalala kwa shemeji yake.

Tatu, na hili husahaulika mno: miteremko ya Elgon hutoa kahawa ya aina ya arabika pande zote mbili. Kahawa nyingi ya Uganda ni ya aina nyingine, robusta, na robusta kwenye ghala la Kenya ingejiumbua yenyewe. Arabika ya Bugisu iliyokaushwa ikiwa na ganda lake ilifanana na ya Bungoma kama pacha. Ukishaichanganya, nani atakuonyesha mpaka ndani ya gunia?

Vitisho havikukosekana. Mwaka 1975 Amin aliunda mahakama ya makosa ya uchumi, na magendo yaliweza kumpeleka mtu mbele ya bunduki. Februari 1976 alidai hata sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda, na uhusiano ukachacha. Kahawa ikaendelea kuvuka. Nairobi nayo, kwa maoni yangu, haikuwa na haraka ya kuziba njia: kila gunia liliingiza fedha za kigeni.

Bei ilipoanza kushuka baada ya 1977, faida ilipungua. Kisha vita vya Kagera, kati ya Uganda na Tanzania, vikaanza, na Aprili 1979 Amin akaanguka. Wanunuzi wa jumla walihama; wenyeji wakabaki na mahindi yao.

Uganda ililegeza biashara ya kahawa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi binafsi wakaingia na pesa mkononi. Mkulima mdogo wa Kenya kwa kawaida hupeleka kahawa yake kwa chama cha ushirika, kisha kinu, kisha mnada, naye mara nyingi husubiri malipo. Basi miaka ya karibuni viongozi wa Bungoma ndio wanaolalamika kwamba kahawa yetu inavuka kwenda Uganda, na dawa wanayoipendekeza ni kuongeza doria mpakani. Amin alikuwa na doria, na risasi juu yake. Mimi ningeanza na tarehe ya malipo.